Laka imegeuka nyeupe kama maziwa: naomba msaada wa gitaa la umeme la kujiundia

Kijana wa Rau, Moshi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpiga gitaa wa kwaya hapa Moshi, na kwa mara ya kwanza nimejaribu kuunda gitaa langu la umeme kutokana na seti ya vipande niliyoagiza mtandaoni. Ni la umbo la Telecaster, lile gitaa maarufu la kampuni ya Fender. Ndani ya boksi mlikuwa na bodi iliyokwisha kukatwa na kuchimbwa, shingo iliyokwisha kupigwa freti (vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo), daraja la chuma, pikapu mbili (nazungumzia zile zinazonasa sauti ya nyuzi, si zile zinazoshusha ndizi kutoka Kibosho), potenshometa mbili za kurekebisha sauti, swichi, vifunguo sita vya kukazia nyuzi na mfuko wa skrubu. Karatasi ya maelekezo ina michoro minne tu, na kuhusu rangi haisemi hata neno moja.

Nilisugua bodi kwa msasa namba 220, kisha nikapaka steini ya kahawia ambayo mafundi wa samani hutumia. Mbao ilipokea rangi sehemu nyingine na kuikataa sehemu nyingine, hasa kwenye kingo na kando ya mashimo, hata ikawa na mabaka kama ya ng'ombe. Kwa kudhani kwamba laka ingeyafunika, nilimwomba jirani anayetengeneza vitanda aniazime kompresa yake, nikapuliza laka ya NC (yaani ya nitroselulosi) makoti matatu kwa mfululizo katika alasiri moja ya Aprili, saa chache baada ya mvua kukatika. Haikupita robo saa, uso wote ukapandwa na ukungu mweupe ambao hadi leo, siku ya tano, haujaondoka.

Nina maswali matatu. Je, nikwangue kila kitu nianze upya, au ukungu huu una dawa? Je, mabaka yanaweza kuondolewa sasa, wakati laka iko juu yake? Na la tatu ni kwamba shingo, ambayo kabla ya kupuliza laka iliingia kwenye nafasi yake kwa kusukumwa na kiganja, sasa haiingii, nami naogopa kuilazimisha. Daraja nalo halina matundu ya skrubu kwenye bodi, hivyo nitapaswa kuyatoboa mwenyewe. Nitashukuru kwa ushauri wa yeyote aliyewahi kupita njia hii.

Fundi Samani, Ngarenaro

Ndugu yangu, pole, lakini usikwangue. Mimi sipigi gitaa, ila laka nimeipuliza juu ya makabati na vitanda hapa Arusha kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukungu huo kila fundi wa ukanda huu amewahi kukutana nao wakati wa masika.

Chanzo chake ni unyevu. Thina iliyomo ndani ya laka hugeuka mvuke kwa haraka, na inapoondoka huchukua joto la uso wa mbao, kama vile spiriti inavyoleta ubaridi nesi anapokupangusa mkono kabla ya sindano. Siku ambayo hewa imejaa maji, uso huo ukipoa kidogo tu, unyevu hutua juu yake kama umande na kufungiwa ndani ya laka kabla haijakauka. Wewe uliongeza kosa la pili, kwa sababu makoti matatu ya mfululizo yaliyapoza mambo zaidi na kuzuia hata ule unyevu uliotaka kutoka.

Dawa yake inatokana na tabia moja nzuri ya laka ya NC, nayo ni kwamba haibadiliki ikikauka. Ukiiwekea thina tena, huyeyuka. Nenda duka la rangi uombe thina inayokauka polepole, ambayo wauzaji huiita ritada. Subiri siku yenye jua, na ufanye kazi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, ndani ya kivuli chenye hewa, si juani. Pulizia hiyo ritada peke yake, bila laka, kwa ukungu mwembamba sana kutoka mbali kiasi cha hatua moja, mpaka uso uonekane umelowana kidogo tu, kisha uondoke. Laka italainika, unyevu utatoka, na weupe utapotea mbele ya macho yako. Usiifute kwa kitambaa hata kama mkono unakuwasha. Iwapo sehemu fulani itabaki nyeupe, rudia baada ya saa moja.

Kuhusu mabaka, laka haina kosa. Bodi za seti nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepakwa sila, yaani koti la kuziba mbao, nyembamba ambayo jicho halioni, na vilevile huwa na gundi iliyofinywa kutoka kwenye maungio ya vipande vya mbao. Steini haiwezi kupenya hapo. Kabla ya kupaka chochote ungedondosha tone la maji: likisimama kama shanga, mbao imezibwa, likitanda na kuifanya mbao iwe nyeusi, iko wazi. Waliokwisha kuumwa na nyoka hufanya jaribio hilo kila mahali, hasa kwenye kingo, kisha husugua kwa msasa namba 150 hadi tone lipenye, na kumalizia kwa 220.

Kwa kuwa umekwisha kuvuka hatua hiyo, ningekushauri uachane na wazo la kuonyesha mbao. Umesema steini ilikuwa ya kahawia, lakini hukusema mbao ni ya aina gani. Kama ni nyepesi, imepauka, na ukiigandamiza kwa ukucha inabonyea, basi huenda ni baswudi, na mti huo hauna mistari ya kujivunia kama mninga au mkangazi. Sugua laka iliyopo kwa msasa namba 320 mpaka ipoteze mng'ao, bila kufika kwenye mbao, halafu changanya rangi ndani ya laka yenyewe na kuipuliza kidogo kidogo. Rangi inayoelea ndani ya laka haijali kama mbao ya chini imezibwa au haijazibwa. Unaweza kufunika bodi nzima, au kutia weusi kwenye kingo na kuuacha ufifie kuelekea katikati, jambo ambalo litayazika mabaka yako kwa sababu umesema mengi yako kingoni.

Baada ya rangi, puliza laka safi makoti mepesi, ukipisha angalau saa moja kati ya koti na koti, na usizidishe matatu kwa siku. Kisha uwe na subira, na hapa ndipo vijana wengi hushindwa. Laka hii huonekana kavu ndani ya nusu saa, lakini inaendelea kunywea kwa majuma. Ining'inize ndani ya nyumba majuma matatu au manne. Ukiisogezea pua na bado ukasikia harufu ya thina, irudishe ukutani. Baada ya hapo ndipo utasugua kwa msasa wa maji, namba 800, 1000, 1500 na 2000, maji yakiwa na tone la sabuni ya vyombo, halafu umalizie kwa kompaundi ya kung'arishia magari. Usiache maji yaingie kwenye matundu ya skrubu, kwani mbao itavimba na laka itapasuka kuzunguka tundu. Pembeni na kingoni usisugue kabisa kwa 800. Hapo laka ni nyembamba, na mizunguko mitatu inatosha kukurudisha kwenye mbao.

Mpenda Mafuta, Usa River

Naheshimu ushauri wa Fundi, ila kwa nini kijana ateseke na kompresa na msimu wa mvua? Gitaa langu nililipaka mafuta ya kitani kwa kitambaa, makoti matano, kila koti baada ya siku mbili au tatu. Halina ukungu wala halihitaji majuma manne ya kuning'inia, na likikwaruzwa napaka tena. Ukilishika unashika mti, si plastiki.

Fundi Samani, Ngarenaro

Mafuta ni mazuri kwa mkangazi. Juu ya baswudi, ambayo ni laini, kila kifungo cha koti kitaacha alama ndani ya mwezi mmoja. Zaidi ya hayo, bodi ya kijana tayari ina laka, na mafuta hayawezi kupenya juu ya laka, kwa hiyo itambidi akwangue yote, jambo ambalo tunajaribu kumwepusha.

Kwa wengine watakaosoma na kuchagua mafuta ya kitani, tafadhali msiviringe vitambaa vilivyolowa na kuvitupa kwenye kona ya karakana. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na tambara lililokunjwa hulihifadhi joto hilo mpaka linawaka lenyewe bila kiberiti. Matambara yatandazeni nje yakauke, au yatumbukizeni ndani ya maji.

Mzee wa Besi, Majengo

Kijana, nitajibu swali la tatu, kwa kuwa rangi imepata mwenyewe.

Shingo haiingii kwa sababu ulipuliza laka ndani ya nafasi yake. Hapo palipaswa kuzibwa kwa tepu ya karatasi. Usiigonge kwa nyundo wala kuilazimisha, maana laka ya pembeni itachanika na ufa utatembea hadi juu ya bodi. Chukua kijiti bapa, ukifunge msasa namba 240, ukwangue laka ya kuta za nafasi hiyo na ya sakafu yake mpaka mbao itokee, kisha ujaribu, ukwangue tena, ujaribu. Shingo inapaswa kuingia kwa mkono, na ukiinyanyua bodi kwa kuishika shingo, bodi isianguke hata kabla ya skrubu. Chini pasibaki hata punje ya laka, kwani punje moja huinamisha shingo nzima.

Ungekuja mapema ningekwambia uunganishe gitaa lote likiwa kavu, yaani bila rangi, pamoja na nyuzi mbili za kando, ndipo ulifungue tena na kulipaka. Matundu yote hutobolewa wakati huo, makosa yakiwa bado yanaweza kuzibwa. Sasa utatoboa juu ya rangi, hivyo bandika tepu kwanza na uanze kwa biti ndogo.

Daraja lina hesabu yake. Pima kutoka kwenye ukingo wa kile kipande cheupe chenye mifereji kilichoko kichwani mwa shingo hadi katikati ya freti ya 12. Kwa gitaa la umbo hilo utapata takriban milimita 324. Zidisha mara mbili, unapata 648, na huo ndio urefu wa uzi unaotetemeka. Usiamini kipimo nilichokupa mimi. Pima shingo yako, kwa sababu zipo seti zenye urefu wa milimita 628, na ukitumia kipimo cha wengine gitaa halitapatana maisha yake yote. Weka daraja ili kikalio (kile kipande cha daraja ambacho uzi hukalia) cha uzi mwembamba kabisa kikae kwenye 648 kikiwa kimesogezwa mbele karibu na mwisho wa skrubu yake, kwa sababu nyuzi nyingine zote zitahitaji kurudi nyuma zaidi, na uzi mnene wa E hurudi nyuma kuliko zote.

Kabla ya kutoboa, funga uzi wa kushonea kwenye kifunguo cha kwanza na cha sita, upitishe juu ya mifereji hadi kwenye vikalio, uukaze. Tazama kutoka juu. Nafasi kati ya uzi na ukingo wa shingo iwe sawa pande zote mbili, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Ikiwa upande mmoja uzi unakaribia kudondoka nje, sogeza daraja au geuza shingo kidogo ndani ya nafasi yake. Niliwahi kuruka hatua hiyo kwenye besi yangu ya kwanza, na mpaka leo uzi wa G huteleza nje ya freti nikipiga kwa nguvu.

Skrubu nne za shingo zina kanuni moja ambayo haimo kwenye karatasi ya maelekezo. Matundu ya bodi yawe mapana kiasi cha skrubu kupita bila kung'ata, na matundu ya shingo yawe membamba ili ing'ate humo tu. Skrubu iking'ata mbao zote mbili, itaacha upenyo kati ya shingo na bodi hata ukikaza kwa nguvu zote. Ipake sabuni ya kipande au nta ya mshumaa kabla ya kuizungusha, kwa sababu mbao ya mepo ya shingo ni ngumu na skrubu za seti ni za chuma laini.

Fundi Redio, Kijenge

Naomba niongeze upande wa nyaya, kwa sababu kila mwezi naletewa gitaa moja au mawili yanayounguruma.

Unapolehemu waya wa ardhi mgongoni mwa potenshometa, kwanza kwaruza mgongo huo kwa msasa, na utumie pasi ya wati 40 au zaidi. Pasi ndogo huchukua muda mrefu hata joto likaingia ndani na kuua potenshometa, huku risasi ya juu ikiwa imeganda bila kushika. Funika bodi kwa kadibodi, maana tone moja la risasi juu ya laka litakutoa machozi. Pikapu za aina hiyo huendana na potenshometa za kilo-omu 250, na kapasita ya toni kwa kawaida ni ya maikrofaradi 0.022 au 0.047, hiyo ya pili hukata sauti kali zaidi.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni waya wa daraja. Ni lazima uwepo waya unaotoka chini ya daraja na kuungana na mgongo wa potenshometa. Kwa kuwa wewe umepuliza laka kila mahali, hakikisha ncha ya waya huo inagusa chuma kitupu. Kabla ya kufunga nyuzi, weka mita kwenye omu, mkono mmoja wa mita uguse daraja na mwingine uguse ala ya nje ya soketi ya kebo. Isome karibu na sifuri. Halafu chomeka kebo, volyumu iwe juu kabisa, upime kati ya ncha na ala ya plagi ya upande wa pili wa kebo: ukipata kati ya kilo-omu 5 na 8 kwa kila pikapu, kazi yako imekamilika. Ukisoma sifuri au usomaji usio na mwisho, usifunge kifuniko.

Gitaa likinguruma usipogusa nyuzi na likanyamaza ukizigusa, waya wa ardhi ni mzima, na unachohitaji ni kufunika mashimo ya ndani kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na ardhi. Lakini mngurumo ukiongezeka unapogusa nyuzi, rudi kwenye lehemu zako.

Jambo la mwisho si la sauti bali la uhai. Kwa waya huo, nyuzi za gitaa zimeunganishwa moja kwa moja na chasisi ya amplifaya. Umeme wetu ni wa volti 230, na makanisa mengi hutumia ekstensheni zisizo na ardhi au plagi zilizokatwa mguu wa tatu. Amplifaya ikivujisha umeme kwenye chasisi, nao utakuwa kwenye vidole vyako, na midomo yako ikigusa maikrofoni iliyounganishwa na ardhi ya kweli, wewe ndiye utakayekuwa waya. Kabla ya ibada pima kwa mita, kwenye volti za AC, kati ya nyuzi na kichwa cha maikrofoni. Ukiona zaidi ya volti chache, usiimbe huku umeshika gitaa.

Kijana wa Rau, Moshi

Shikamoo Mzee wa Besi, na nyote wakuu, asanteni sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu niliitii amri ya majuma manne, na sasa tuko Juni.

Ritada ilifanya kazi. Nilisubiri siku mbili mfululizo zisizo na mvua, na weupe uliondoka kwa mpulizo wa pili, isipokuwa kipande chenye ukubwa wa sarafu karibu na soketi, ambacho kilihitaji wa tatu. Ukucha ulibonyea, kwa hiyo nadhani ni baswudi kama alivyosema Fundi. Nilichagua njano ya maziwa iliyokolea, kwa kuwa nilisoma kwamba Telecaster za mwanzo za miaka ya 1950 zilikuwa na rangi ya namna hiyo, na mabaka hayaonekani tena. Pale juu, mahali mkono unapoegemea, nilisugua kupita kiasi kwa msasa namba 1000 na mbao ikatokea kidogo. Nimeiacha hivyo.

Shingo imeingia na bodi haianguki. Skrubu moja ilikatika kichwa ndani ya mepo kwa sababu nilizipaka sabuni skrubu tatu nikaisahau ya nne. Niliitoa kwa koleo baada ya kuchimba kuizunguka, nikaziba tundu kwa kijiti na gundi ya mbao, nikatoboa upya. Mita ilisoma kilo-omu 6.8 na 7.4, na jana nilipiga gitaa hili kwenye mazoezi ya kwaya.

Limebaki tatizo moja. Nimekwisha kupandisha nyuzi, lakini uzi wa B unakereza ninapobonyeza freti ya 13 peke yake. Kwingine kote uko safi. Je, ninyooshe nondo ya ndani ya shingo?

Mzee wa Besi, Majengo

Marahaba. Nondo usiiguse kwa ajili ya freti moja. Nondo ni ya kupinda kwa shingo nzima: bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha ingiza filageji, ile ambayo mafundi wa pikipiki hupimia valvu, kati ya uzi na freti ya saba. Ukipata milimita 0.2 hadi 0.3, shingo iko sawa.

Uzi ukikereza mahali pamoja tu, freti inayofuata imeinuka. Chukua kitu kilichonyooka na kifupi, hata ukingo wa kadi ya benki, ukiweke juu ya freti ya 13, 14 na 15 chini ya uzi wa B. Kikicheza kama bembea, ya 14 haijakaa. Zilegeze nyuzi, weka kipande cha mbao ngumu juu ya freti hiyo na ukipige kwa nyundo ndogo mara mbili, si kwa nguvu. Isiposhuka, ipake kalamu ya wino, uifute kwa kijiwe cha kunolea kidogo kidogo mpaka kadi isicheze, halafu uizungushie umbo lake kwa msasa namba 600. Usiguse freti nyingine.

Vikalio navyo uvipange baada ya hapo, si kabla. Linganisha sauti ya uzi unapougusa tu juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, na sauti yake unapoubonyeza. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha kikalio nyuma; ikiwa chini, kisogeze mbele. Ukikwama, niletee hapa Majengo Jumamosi, filageji ninayo.